Wanawake Saba Chini ya Leso

Waruguru alianza kuona giza, kisha harufu ya kitambaa kipya ikamjaa puani. Leso mbili zilizoshonwa pamoja zilikuwa zimemshuka kutoka kichwani hadi magotini, na Tata Becky, shangazi wa familia, alikuwa akizibana kwa pini.

"Wewe ni wa tatu," Tata Becky akanong'ona. "Na bado nasema ungeacha tu. Nani angekulaumu?"

"Nitasimama."

Walikuwa saba, wamepangwa mstari mmoja uani kule Gatongora, wamefunikwa wote, na kuvishwa kandambili nyekundu zinazofanana ili miguu isitoe siri. Byron, bwana harusi kutoka Thika, alitakiwa kumtambua bibi yake bila kuona uso wala kusikia sauti. Ndiyo desturi ya ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, na watu huipenda kwa sababu ni kicheko kitupu. Waruguru hakuwa na kicheko. Alitaka kitu kimoja tu siku hiyo: asimame humo ndani mpaka mwisho.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, mtu alimtokea nyuma kwenye njia ya mashamba ya kahawa, akamvika gunia kichwani. Uso wa mtu huyo hakuwahi kuuona. Alirudi nyumbani, akaoga, akanyamaza, na aibu isiyo yake akaibeba yeye. Tangu hapo hakuvaa sweta isiyo na vifungo, wala hakukaa chini ya draya ya saluni. Mwaka juzi, kwenye ruracio ya jirani, walimfunika hivi hivi kwa mzaha. Akaitupa leso, akakimbilia chooni, akatapika. Kuna waliosema ana mapepo. Watu bwana! Na hao hao walikuwa wamekaa chini ya hema leo, sahani mkononi, wakingoja.

"Bado uko?" Sauti ndogo ilitoka kushoto kwake. Njambi.

"Niko."

"Anza na miguu."

Njambi ndiye mtu wa kwanza kuambiwa habari ya gunia, na wa pekee. Hakuuliza alikuwa amevaa nini siku ile. Alilia kidogo, akapangusa macho, kisha kwa miezi minane, kila Jumapili jioni, alimkalisha kwenye chumba chake cha kupanga huko Kamenu na kumfundisha alichosomea chuoni: namna ya kurudi ndani ya mwili wako mwenyewe. Sakafu ikoje? Baridi. Mikono iko wapi? Mapajani. Pumzi imefika wapi? Mara ya kwanza Waruguru alicheka, akasema hayo ni mambo ya watu walioshiba. Mara ya nne aligundua kwamba hajashusha mabega tangu alipokuwa msichana.

Kandambili. Vidole. Changarawe chini yake.

"Byron!" mshereheshaji akapaza sauti. "Ukikosea unarudi Thika peke yako!"

Watu wakaangua kicheko. Viatu vyeusi vilivyong'arishwa vikaonekana chini ya pindo la leso, vikija polepole. Vikasimama kwa wa kwanza. Vikasimama kwa wa pili. Kisha vikasimama mbele yake, na mkono ukamgusa begani.

Pumzi yake mwenyewe ilikuwa ikigonga kitambaa na kumrudia usoni, ya moto, na harufu ya kitambaa kipya ikageuka harufu ya gunia. Mikono ilianza kupanda ili iirarue leso. Njambi hangeweza kumsaidia sasa, maana neno moja tu na Byron angelisikia.

Ni mkono, Waruguru akajiambia. Ni mkono tu, na ni mchana. Changarawe iko chini. Mabega yamepanda, yashuke. Hofu ikampanda hadi kooni, ikakaa pale muda ambao aliona hautaisha. Halafu, bila kusukumwa na mtu, ikaanza kushuka yenyewe.

Mikono yake ikarudi chini. Alikuwa bado amesimama.

Byron akaguna. Mkono ukaondoka begani, viatu vikageuka, vikampita.

Chini ya hema mtu fulani akasema, "Haiya!" akanyamazishwa. Waruguru alivitazama vile viatu mpaka viliposimama tena, hatua moja tu kushoto kwake, mbele ya Njambi. Vilikaa pale sana.

"Ni huyu," Byron akasema. "Sina shaka."

Waruguru akafumba macho. Alisikia pini zikifunguliwa, kitambaa kikivutwa, kisha vigelegele vikalipuka kila upande na Tata Becky akapiga kelele kuwashinda wote.

Njambi hakumkumbatia mume wake kwanza. Aligeuka, akaishika leso ya wa tatu kwa mikono miwili, akaifunua taratibu.

"Umeweza, Mum," akasema. "Sasa msalimie mkwe wako."