Kofia ya Bomba la Moshi

Wingu jeusi lilipotokeza tu upande wa Bisibo, Leonidas alikuwa ameshavaa koti. Mvua yenyewe haikuwa imedondosha hata tone.

"Mama atakuja," alimwambia mkewe, Jovitha, kwa huzuni. "Acha niende zangu."

Maskini, angefanyaje? Kwao mtu hakai chini ya paa moja na mama mkwe. Na tangu masika yaanze, kila mvua iliponyesha, maji yalipenya kwenye bomba la moshi la Bibi Scholastika yakamzimia jiko la kuni. Basi bibi huyo alikuja na kikapu anachosuka, kupika kwa bintiye, na Leonidas akahamia kilabuni kwa Nimpaye, akavumilia mateso ya pombe ya ndizi mpaka mvua ikatike.

Aibu ni kwamba kofia ya bomba lile aliitengeneza Leonidas mwenyewe, fundi bati wa Nemba anayejiita injinia. Sokoni walishaanza kumcheka. Angepanda akaikague, lakini paa la mama mkwe halipandwi, na mwiko ni mwiko.

Bibi Scholastika alilalamika sana. Alilalamika akivuta kigoda karibu na moto, akalalamika akimenya ndizi, akalalamika huku akimwaga umbea wa jumuiya nzima hadi mama na binti wakashika mbavu. Kwake aliishi peke yake na kuku wanne. Jovitha naye alinyoosha miguu akapikiwa, na hapakuwa na mtu wa kuuliza kwa nini chumvi imepungua.

Ndipo Shilinde, fundi mgeni, akatangaza sokoni kwamba Jumamosi angepanda kuikagua kofia ile bure, watu waione kazi ya injinia.

Jovitha alipiga hesabu haraka. Jina la mumewe ndilo lililowalisha. Shilinde akikuta tundu pale, nani tena angemletea Leonidas hata ndoo ya kuziba?

Ijumaa mama yake alipokwenda kanisani, Jovitha alichukua lami na kipande cha bati, akaenda kuliokoa jina la mumewe.

Banda la jiko lilikuwa fupi. Alikuta kinu kimeshageuzwa chini juu kando ya ukuta, na juu yake kuna matope ya kandambili. Akakikanyaga, akaivua kofia, akaielekeza juani.

Matundu matatu.

La kwanza lilikuwa duara safi, limepigwa msumari kwa ndani, kabla kofia haijatoka karakana. La pili lilikuwa jembamba, la sindano ya kusukia vikapu.

La tatu lilikuwa la kisu cha Jovitha mwenyewe, na alikuwa amebeba kiraka cha tundu moja tu.