Tofali Namba Moja

Fundi Ndaki alikuwa ameshapandisha kozi nne za ukuta Generosa alipomwambia abomoe zote.

"Umeweka saruji chini," alisema, akigusa kwa kidole mstari wa kijivu uliojificha juu ya msingi wa mawe. "Nilikuambia nini?"

"Mama Eunice, kozi ya kwanza lazima ishikwe. Hata hizi tofali zako za kufungamana, wenye mashine wenyewe wanasema hivyo."

"Zina meno juu na matundu chini. Ziumane zenyewe. Ondoa."

Ndaki akaondoa, huku akinung'unika kwa Kisukuma. Generosa alisikia kila neno na hakurudi nyuma hata nusu hatua.

Kitongoji kizima, kando ya njia ya kwenda Rwamgasa, kilikuwa na la kusema juu ya nyumba ile ya vyumba viwili. Wengine wote walijenga kwa matofali ya kuchoma, na matanuri yalikuwa yameshameza miti hadi kuni za maharage zikawa za kufuatwa mbali. Generosa alikwenda Shinyanga mjini wiki mbili, akajifunza kufyatua matofali kwa mashine ya mkono: udongo wa kichuguu, saruji kiduchu ndani yake, kisha kivuli na subira. Hakuna moto. Hilo watu walilielewa, wakamsifu hata kwenye jumuiya.

Yaliyowashinda ni mengine. Kila tofali aliliandika namba kwa rangi nyeusi, kuanzia moja, pale kando ya mlango. Kenchi za paa alizifunga kwa bolti na mabati kwa skrubu. Misumari hakutaka hata kuiona.

"Anategesha huyo," alisema jirani yake, Mwasiti. Maana habari za mgodi kupanuka zilikuwa zimefika, na huku kwetu habari hizo zikifika, vijumba huota kama uyoga ili wathamini wakute cha kulipia. "Namba ni za kuwahesabia wathamini, wasimpunje hata tofali moja."

Maneno hayo yalimuuma. Generosa alikuwa ameshahamishwa mara mbili kupisha dhahabu ya watu, mara ya kwanza na mumewe, mara ya pili akiwa mjane. Mara zote alisimama barabarani akitazama katapila likiingia sebuleni kwake kama ng'ombe kwenye shamba la mahindi. Kuta alizozikanyagia udongo kwa miguu yake mwenyewe ziligeuka kifusi kabla hajamaliza kulia.

"Ya tatu hawaivunji," alimwambia Ndaki siku walipomaliza kuezeka. "Nimechoka kuwaachia kuta zangu."

Wathamini walikuja baada ya mavuno. Walipima, wakaandika, kisha wakachora kwenye ukuta wa mbele alama ya X nyekundu, kubwa, kutoka usawa wa kichwa hadi chini kabisa. Generosa alisaini karatasi zao bila ubishi. Hapo ndipo mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mabula, alipoingiwa na wasiwasi, maana anamjua mama huyo.

"Mayu, mama yangu, umesaini," alimwambia. "Jumatatu saa tatu asubuhi eneo linakuwa lao."

"Nimesaini. Ardhi waichukue."

"Na nyumba?"

"Nyumba yangu hawaivunji, mwenyekiti. Wafikishie."

"Usinitie aibu uzeeni. Watakuja na askari."

"Waje nao. Nitachemsha chai."

Majirani waliondoka mmoja mmoja. Mwasiti alichomoa milango na mabati, akaacha kuta zimesimama bila kichwa, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Hadi Alhamisi kitongoji kilikuwa kimya, na nyumba nzima iliyobaki ilikuwa moja. Mabula alipita jioni hiyo akamkuta Generosa akifagia uwanja huku akiimba, na Ndaki ameketi chini ya ukuta, spana mkononi. Mzee aliondoka akitikisa kichwa. Hata fundi amekuja kuilinda, aliwaza. Hawa wawili watatuumizia watu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu mzee hakupata usingizi. Asubuhi, habari ilikuwa imeshaenea. Watu waliokwisha kuhama walirudi kwa bodaboda, simu mkononi, kumwona mama mmoja akisimama mbele ya katapila. Mwasiti alikuwemo. Katapila lilikuja likinguruma, gari la askari nyuma yake, na Mabula akatembea mbele ya wote, akikariri maneno ya kumbembeleza. Alikata kona ya uzio wa minyaa, akainua macho, akasimama ghafla.

Generosa alikuwa amesimama katikati ya uwanja uliofagiwa, chupa ya chai miguuni. Nyuma yake hakukuwa na mlango wala ukuta, wala hata jiwe la msingi. Kulikuwa na lori limeshindiliwa hadi juu, na Ndaki akiwa ameketi kileleni mwa mzigo.

"Mama Eunice, namba mbili ninayo," aliita. "Nipe hiyo moja, kiwanjani Runzewe ni mbali!"

Generosa aliinama, akaokota tofali la mwisho, lenye ncha ya X nyekundu ubavuni, akampa. Kisha akawageukia wenye katapila.

"Karibuni," aliwaambia. "Vunjeni."