Sele Marashi Alipofika Lushoto

Saumu aliingia uwanjani amejitanda kanga mpaka puani, kama mtu aliyekuja kuiba.

"Jifunue, utakosa pumzi," alinong'ona Tabitha, jirani yake.

"Akiniona mtu wa kwetu je? Baba Salma anajua niko Irente, namwangalia shangazi mgonjwa."

Mumewe, Mbaraka, hakuwa mtu wa muziki. Kila Sele Marashi alipoanza kuimba redioni, Mbaraka aliizima. "Mwanamume mzima analia kama mbuzi aliyebanwa na mlango!" alikuwa akisema. Kumwomba ruhusa ya kwenda kumwona mbuzi huyo ana kwa ana, Saumu hakuthubutu. Bahati nzuri, siku hiyo Mbaraka naye alikuwa ameaga kwamba anakwenda Mponde kwa kaka yake, kupalilia chai.

Sele alitangazwa kufika mchana. Alifika jioni, ukungu umeshashuka, watu wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Alipanda jukwaani na miwani yake myeusi, akaenda moja kwa moja kujigonga kwenye spika.

"Arusha mpooo?" alipaza sauti.

"Hapa Lushoto, wewe!"

Hata hivyo muziki ulipoanza, Saumu alisahau yote. Sauti ilikuwa tamu vilevile kama ya redioni. Kanga ikamteleza mpaka mabegani, naye hakujali.

Kisha Sele akapiga chafya. Chafya kubwa, ya kuinamia. Na sauti yake ikaendelea kuimba.

Uwanja mzima ulizomea. Huko mbele kuna mtu aliyewashinda wote kwa kelele: "Imba kwa mdomo wako! Imba kwa mdomo wako!" Sele akajifanya hasikii, akaendelea kuchezesha midomo, wimbo baada ya wimbo.

Saumu aliona machozi yanamlengalenga. Kwa ajili ya mtu huyu alikuwa amemuuguza shangazi mzima wa afya! Akamshika Tabitha mkono, wakatoka.

Mbaraka alirudi baada ya isha, viatu vimejaa matope.

"Sauti imekwenda wapi, Baba Salma?"

"Baridi ya Mponde hiyo," alijibu kwa sauti iliyokauka. "Shangazi hajambo?"

"Anaendelea vizuri."

Wakalala mapema, kila mtu akidai amechoka.

Asubuhi walikuwa wanakunywa chai, redio ikiwa wazi. Mtangazaji akaanza kumsifu Sele Marashi: eti amewapa watu wa Lushoto burudani ambayo hawajapata kuiona, ameimba mpaka watu wakalia. Saumu alisubiri redio izimwe. Mbaraka hakunyoosha mkono.

"Ameimba kutoka moyoni!" mtangazaji akazidisha.

Saumu alikuwa ameimeza hasira hiyo usiku kucha. Sasa ilimponyoka.

"Mwongo mkubwa! Hakuimba hata wimbo mmoja kwa sauti yake!"

Kikombe cha Mbaraka kikasimama hewani.

Saumu akauma ulimi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Akainamisha kichwa, akangoja kufokewa.

Mbaraka aliweka kikombe mezani taratibu, akakohoa kusafisha koo.

"Aliimba," alisema. "Ule wa mwisho, umeme ulipokatika. Nyie mlioondoka mapema ndio mlioukosa."