Maandishi ya Chini ya Ukurasa

Kofi la kwanza lilimvua mama miwani. La pili likamwangusha kutoka kwenye kasha la vitambaa alilokuwa amelikalia.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Mimi si mwanao!" Mkwewe akainyanyua cherehani, akaibamiza sakafuni. Gurudumu likabingirika hadi mlangoni. Mwezi uliopita alimvunja mkewe mkono. Safari hii alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba atammaliza.

Mama akatambaa, akarudi kukaa palepale juu ya kasha. Damu ilimchuruzika puani.

"Mbishi kama binti yako," mkwewe akamwambia. "Mfupa wa kizee hauungi, ujue."

Akatupa macho mezani. "Vikombe viwili?"

"Jirani alipita."

Kando ya vikombe palikuwa na simu. Kitabu cha ushonaji kilikuwa wazi kwenye kioo chake, herufi zimekuzwa ili macho ya mama yasihangaike.

"Hicho usikiguse!" mama akapiga kelele. "Binti yangu kaniazima tu!"

Basi ndipo mkwewe akaichukua simu.

Chini ya kila ukurasa muuza vitabu alikuwa ameweka maandishi madogo, ili mnunuzi aone haya kukigawa kitabu ovyo, jina na anwani kama alivyojaza mwenyewe wakati wa kununua: Kimenunuliwa juzi na fulani, mtaa fulani, nyumba namba tisa. Jina lilikuwa la mkewe. Mji ulikuwa wa kusini kabisa, mwendo wa siku mbili kwa gari.

Akacheka hadi akakohoa. "Siku za mwizi arobaini! Kajiandika mwenyewe, mjinga yule, kila ukurasa!"

Bila kuinuka, mama akamng'ang'ania shati. "Mkwe wangu, nakusihi, usiende huko. Utamuua!"

Akamtandika ngumi ya mdomo, akaitia simu mfukoni, akatoka.

Gari likanguruma. Mama akalisikiliza likipita dukani, likipita shuleni, likishika barabara kuu, mpaka asisikie kitu. Akatema jino kiganjani, akalifunga kwenye pindo la kanga.

Kisha akainuka polepole, akafunua kasha.

"Toka, mwanangu. Kaenda kulekule ulikoandika."