Mpira Uko kwa Glavu

Kipchumba aliruka, akagonga ukuta wa uwanja na bega, na mpira wa besiboli ukaingia kwa glavu, paap!

Viti vyote vilikuwa vitupu sababu ya Korona, kwa hivyo hakuna aliyepiga makofi. Lakini kocha lazima aliona, na kandarasi anatoa kocha. Kwa miaka mingi Kipchumba amehamishwa timu hii, timu ile, kama kiti cha kukodi, huku akibeba maboksi kwenye maghala ya Wetherill Park, huku ugenini, wakati hakuna timu inayomtaka. Leo wamempanga tu kwa sababu yule dogo mwenye namba hiyo anangoja majibu ya kipimo cha Korona.

Glavu ilikuwa imepasuka kidoleni. Mshono wa mpira ulimkwaruza ngozi pale, mtamu ajabu. Akacheka peke yake.

"Kip! Majibu ya dogo yametoka, yuko poa," kocha akapiga kelele, barakoa kidevuni. "Toka!"

Na kwa besiboli, ukishatolewa huwezi kurudi.

Dogo, mtoto wa Wakenya wa mtaa wa Toongabbie, akaja mbio. "Sori, anko. Umeshika vikali, lakini."

"Kocha ameona?"

"Alikuwa kwa simu. Leta mpira, anko, wanangoja."

Kipchumba akaifunga glavu kwa mikono miwili, mpira ukiwa ndani, akaketi chini kwenye nyasi.