Bastola Isiyo na Nyundo

"Nyepesi, afande. Utasahau kama umeibeba," alisema Koplo Sifuni, mtunza ghala la silaha, akimkabidhi Sajini Mwandoro bastola mpya yenye mwili wa plastiki.

Mwandoro aliielekeza kwenye pipa la mchanga, kama ilivyo desturi ya usalama ghalani. Kidole gumba kikapanda chenyewe kutafuta nyundo, kile chuma cha nyuma kinachovutwa kabla ya kufyatua. Kikapapasa mgongo laini, mtupu.

Akashusha pumzi. Ile ya zamani ililia "ka" alipovuta nyundo, na kwa mlio huo mtu mmoja aliyekuwa akimkimbia Mwandoro alisimama, akageuka, akamtazama usoni kabla ya risasi kumuua.

"Kumbe hii hailii."

"Kimya kabisa, afande," Sifuni alijibu, akifunga kasha.

Nyuma ya Mwandoro, kitu kikalia "ka".

Sifuni hakuinua kichwa, kana kwamba hakusikia kitu. Taratibu, Mwandoro akaanza kugeuka.