Kipande cha Pili

Dereva Shomari alikuwa akifuta vioo vya basi kileleni mwa mlima, abiria wakiwa wameshuka kutazama jua likizama. Mkewe, Saada, alibaki ndani, amevaa nikabu ili asijulikane. Juzi mumewe alimletea kipande kimoja tu cha kanga, na kanga huuzwa vipande viwili. Cha pili alikiona sasa, kimetandikwa kwenye kiti cha mbele.

"Bibie, hushuki? Jua halikungojei."

"Kiti kile cha nani?" Saada aliuliza, ameibana sauti.

"Kina mwenyewe. Kila jioni namwekea, haji."

"Nani huyo?"

Abiria walikuwa wanarudi. Shomari akatupa kitambaa ndooni. "Vioo vilivyobaki, kesho."

Akawasha basi, kisha akageuza taratibu kioo cha kutazamia abiria, mpaka macho ya Saada yakaingia humo, akamwonyesha kwa kidole kile kiti cha mbele.